Rangi Nyekundu kwenye Mti Mkubwa

Sikumwamini Alex tangu siku ya kwanza. Kijana wa mradi, mtu wa mjini, lakini akila ugali wa muhogo na kisamvu kwangu anasifia kila tonge! Mgeni anayesifia kila kitu ana lake jambo.

Alikuja kijijini kwetu, ukishapita Kiranjeranje, kwa ajili ya miti miwili ya aina moja adimu. Miwili tu katika msitu wote wa kijiji, na duniani kote, alisema, haifiki hamsini. Mkubwa ndio unaozaa, mdogo bado. Mbegu zingeoteshwa kitaluni, miche mingine ikapandwe hifadhi ya taifa. Mimi, Mwanaasha, mjumbe wa kamati ya misitu, nikapewa kazi ya kuilinda. Niliipenda ile miti, sifichi.

Basi Jumanne moja nikaikuta imepakwa rangi nyekundu, imezungushwa usawa wa kifua changu. Sisi rangi tunaijua. Enzi za biashara ya mpingo, mnunuzi alipita akipaka rangi, wiki iliyofuata misumeno ikaingia, na kila mti uliopakwa ukapanda lori. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumbe mbegu zilikuwa danganya toto, kijana ameshauza!

Nimpigie simu? Thubutu! Mwizi haulizwi kama ameiba. Nilichukua panga nikaanza kuikwangua ile rangi kwenye mti mkubwa. Ilikuwa imezama ndani ya gome, nami nikazidi kuchonga, huku namtukana Alex na ukoo wake, mpaka nyekundu yote ikaanguka chini. Mvua ndiyo iliyoninyima mti wa pili. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Siku ya nne kamati ikaitwa msituni. Alex alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa mdomo tu. Mwenyekiti wetu, Nassibu, akatuonyesha mti mkubwa.

"Nani kabandua gome kuzunguka? Mti huu umeuawa."

Macho yote yakamwendea Ambrosi, Mmakonde aliyefungua shamba mpakani mwa msitu. Maana kila mkulima anajua: mti mkubwa ukikusumbua shambani, huhangaiki na shoka. Unaubandua gome kuzunguka, unakauka wenyewe. Mimi mwenyewe nimeua mingi hivyo. Nilijua, hasira ikanisahaulisha.

"Anyang'anywe shamba huyu!" mtu akapaza sauti nyuma yangu.

Ambrosi akaapa kwa Mungu. Alikuwa na watoto watano na shamba lile tu.

"Mwacheni," nikasema. "Ni mimi. Niliona rangi, nikajua miti imeuzwa."

Alex akanigeukia. "Mama, rangi ni alama ya kipimo. Ili kila mwaka tupime unene wa mti palepale." "Kwa nini hukuniuliza?"

Nilitafuta uongo, sikuupata.

"Ningekuuliza, ungeniambia hayohayo," nikamjibu. "Na nisingekuamini."

Alex akakaa chini kwenye mizizi, juu ya maganda niliyoyachonga, akalia mbele ya kamati nzima, mwanamume na ndevu zake. Hapo ndipo nilipomwamini.