Mawaridi Yaliyokwenda Mbale kwa Miguu

Jumatatu moja mwaka 1954, huko Mpumudde, Jinja, Masaba alikuwa akipogoa mawaridi ya Bibi Manjula. Alimwomba kijiti kimoja akampandie mkewe. Kwa miaka tisa alikuwa ameyabebea samadi kichwani na kuwaua wadudu wake kwa vidole. Bibi Manjula alicheka kidogo, akaenda kumwambia mumewe.

"Leo kijiti, kesho utataka baraza," Bwana Vallabh alimwambia Masaba bila hasira. "Usirudi tena."

Masaba akapanda gari moshi, akarudi kwao Nabuyonga, Mbale.

Siku ya nane mkewe, Khainza, alikuwa akifagia uani alipoona mawaridi kumi na moja yakiingia kwa miguu kutoka njia ya Tororo. Mizizi yake ilikuwa imejaa vumbi na michubuko. Moja, jeupe, lilikuwa likichechemea.

"Baba Namono, wageni wako wamefika," aliita. "Lete maji, wametoka mbali."

Masaba aliyatoa changarawe mizizini, polepole, akayapanda kando ya jiko. Siku hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu afukuzwe.

Bwana Vallabh akawaandikia polisi kwamba mawaridi yake yameibwa, na Masaba akapelekwa mahakamani. Jirani yake Asuman, muuza chumvi, alitoa ushahidi kwamba aliyaona yakija yenyewe, tena yakimpisha mwendesha baiskeli. Hakimu akaandika yote. Hakuwa na shaka kwamba mawaridi yalitembea.

"Uliyapa maji?" alimuuliza Masaba.

"Niliyapa, bwana hakimu. Yalikuwa na kiu."

"Basi uliyapokea."

Akafungwa miezi sita. Mawaridi yakarudishwa Jinja kwa lori, yamefungwa kamba, na Bibi Manjula akayazungushia seng'enge.

Mwezi uliofuata yakafika kwenye lango la gereza la Mbale, mchana, wafungwa wakinywa uji. Majani yalikuwa yamechanwachanwa na seng'enge. Afande Gaster, aliyekuwa zamu, akafungua lango.

"Masaba, yachimbie mashimo mbele ya nyumba ya mkuu," aliamuru. "Uyape maji."

"Ndiyo, afande."

Aliyachimbia, akayapa maji. Ijumaa akapelekwa tena kwa hakimu, akaongezewa miezi mitatu kwa kupokea mali ileile mara ya pili. Masaba akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi, akaomba arudishwe upesi, maana jua lilikuwa kali na lile jeupe lilikuwa bado halijashika.