Jicho la Kimaiyo Lilichelewa Kazini

Katika kiwanda chetu cha mbao hapa Elburgon, mtu akigongwa na gogo hatumuulizi kama ameumia. Tunamtania. Akijibu vizuri tunajua kichwa bado kinafanya kazi, anapewa chai yenye sukari nyingi na anarudi kwa mashine. Akinyamaza, hapo ndipo tunaanza kutafuta gari.

Msidhani ni ukatili. Ni kipimo chetu, na mimi Waithaka ndiye mpimaji mkuu. Cheo hicho nilikipata kwa jasho, maana hakuna aliyegongwa kunishinda. Gogo limenivunja mbavu, mnyororo umeninyang'anya meno ya mbele, na siku msumeno ulipokula kidole changu waliniuliza, "Waithaka, umebaki na vingapi?" Nikawaambia vinavyotosha kushika kikombe, leteni chai. Wakashangilia. Nikahesabiwa mzima.

Kwa hiyo gogo la saiprasi lilipoteleza kutoka kwa lori na kumpiga Kimaiyo juu ya sikio, mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Alikuwa amelala juu ya unga wa mbao, yeye huku, gambuti moja kule. Kimaiyo ni rafiki yangu tangu tulipoanza kazi hii bila ndevu. Moyo ulinienda mbio, lakini kazi ni kazi.

"Wewe ni Mkalenjin wa aina gani," nikamwambia, "hata gogo lisilo na miguu linakushinda mbio?"

Akafungua macho. Akanitazama polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Nilisimama nilisalimie," akasema. "Nilidhani ni wewe unakuja. Mko na kiuno kimoja."

Kiwanda kizima kilicheka mpaka msumeno ukazimwa. Kimaiyo amepita! Akakalishwa, akapewa chai, akaanza hata kutupigia mluzi. Alisema kichwa kinamuuma kidogo tu, na kwamba atapanda lori la kuni aende zake nyumbani, ndani kabisa kando ya msitu wa Mau, mahali ambapo ukitaka kupiga simu unapanda kwanza juu ya kisiki.

Basi Chesang akaingia. Chesang ni mhudumu wa afya wa mtaa wetu, na siku hiyo alikuwa amekuja kuwapima presha wazee wa mashine.

"Ameumia wapi?" akauliza.

"Hajaumia. Tumemtania na amejibu."

"Waithaka, utani si dawa."

"Sikusema ni dawa. Ni kipimo."

"Sawa. Hata mimi niko na changu." Akatoa simu.

Madaktari wa Nakuru walikuwa wamewawekea yeye na wenzake programu ya kujaribu. Alitueleza kwa kifupi. Ukimulika jicho, mboni, kile kiduara cheusi cha katikati, hujikunja na kuwa ndogo. Simu inawasha taa yake, inapiga video, inapima kila mboni imejikunja kwa kasi gani. Moja ikizembea kuliko mwenzake, huenda kuna kitu kinasukuma ndani ya fuvu.

Kimaiyo akakataa katakata. "Simu inipime mimi? Hiyo yako hata chaji haikai. Anza na hawa."

Chesang hakubishana. Akatupanga foleni kando ya rundo la mbao. Alianza na mimi.

"Macho yako yako sawa, Waithaka."

"Ni mdomo tu haufungi," Kimaiyo akadakia, na watu wakacheka tena.

Akapima Bethwel, dereva wa pikapu. Akapima Mugure wa chai, aliyekuwa amejifuta uso kwa leso kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Akapima wapasua mbao wote. Kila mtu mboni zake zilijikunja pamoja, kama ndugu wawili wameitwa na mama yao. Mwishowe Kimaiyo hakuwa na pa kujificha.

Taa ikawaka. Chesang akatazama simu. Akarudia. Akampeleka ndani ya banda penye kivuli, akarudia tena.

"Hebu nione," nikasema. Nikachukua tochi yangu ya kawaida, nikammulika mwenyewe. Sikuona kitu. Macho ya Kimaiyo yalikuwa yale yale ya siku zote, yaliyojaa dharau.

"Kwa macho yetu huwezi kuona," Chesang akasema. "Tazama hapa." Akaiendesha ile video polepole sana. Jicho la kulia lilishtuka mara moja likajikunja. La kushoto lilisimama kwanza, kama kibarua anayengoja kufokewa na msimamizi, halafu likaanza kujikokota.

"Jicho lako la kushoto limechelewa kazini," nikamwambia.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka.

Kimaiyo alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona hofu usoni pake. "Lakini si nilijibu, Waithaka? Si nilijibu vizuri?"

"Ulijibu vizuri sana. Lakini ulijibu na mdomo. Jicho halijajibu."

Akasimama, akayumba, akashika ukuta. "Mimi naenda nyumbani. Ng'ombe wananingoja."

Chesang alikuwa ameshaituma ile video Nakuru, na simu yake ikalia papo hapo. Daktari alisema aletwe sasa hivi, alazwe, asile kitu. Kimaiyo akaelekea kwa lori la kuni. Kumshika kwa nguvu hatungeweza; huyo mtu hubeba boriti peke yake. Nikatumia chombo nilichonacho.

"Muacheni aende," nikasema kwa sauti. "Mimi nitamweleza Emmy kwamba bwanake ameogopa sindano."

Akageuka. "Nani anaogopa?"

"Wewe. Siku ya kung'olewa jino si ulimlilia mama yako mpaka daktari akataka kumtafuta?"

"Waithaka, uko na bahati naumwa na kichwa. Bethwel! Washa hiyo pikapu. Twende huyu mjinga aone nani anaogopa."

Akalala kiti cha nyuma, kichwa mapajani pa Chesang. Nilikaa mbele nimegeuka, nikimtania njia nzima. Mpaka tunakaribia Njoro alikuwa ananijibu neno kwa neno. Tulipoipita, majibu yakaanza kuwa mafupi. Nikamwambia ng'ombe wake wamekonda wanafanana na yeye. Akasema, "Mm." Nikamwambia nitamuoza binti yake kwa mtu wa punda. Hakusema kitu.

"Bethwel," nikasema, "kanyaga."

Alikanyaga. Langoni pa hospitali ya Nakuru walikuwa wanatungoja na kitanda cha magurudumu, kwa sababu ile video ilikuwa imefika kabla yetu, na hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Waliitoa. Daktari alituambia, bila kuzunguka, kwamba kama Kimaiyo angepanda lile lori la kuni, angelala na asiamke.

Asubuhi tuliruhusiwa kuingia. Emmy alikuwa amekaa kando ya kitanda, Chesang amesimama. Daktari akammulika Kimaiyo macho yote mawili, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mboni zimejikunja pamoja. Lakini mgonjwa mwenyewe alilala kimya, bendeji kichwani kama kilemba.

"Mwambie kitu," Emmy akaninong'oneza.

Nikasogea karibu na kitanda. "Kimaiyo," nikasema, "daktari amefungua kichwa chako akakuta ndani kuna nafasi kubwa. Anatafuta mpangaji."

Nikasikia matone ya dripu. Emmy akanishika mkono.

Midomo ya Kimaiyo ikatikisika. "Asimpe Waithaka," akasema. "Ataongea usiku kucha. Sitalala."

Wodi nzima iliangua kicheko, na mimi nilicheka mpaka nikalazimika kutoka nje nikapenge kamasi.

Kimaiyo amerudi kazini. Juzi ubao uliruka ukanipiga paji la uso, nikaanguka chali. Wakanizunguka, wakanitania, nikawajibu jibu tamu ambalo siwezi kuliandika hapa. Nikaanza kuinuka nidai chai yangu. Kimaiyo akanirudisha chini kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anampungia Chesang, aliyekuwa anakuja mbio na simu.

"Lala hapo, boss," akasema. "Jibu na macho."

Nikamulikwa.

"Yote mawili yamefika kazini!" Chesang akatangaza, na kiwanda kizima kikapiga mluzi.