Tundu Nyuma ya Jiko

Mashine ya kutobolea ilipopenya ukuta na mwanga wa nje ukaonekana, Nezira alirudi nyuma akajifunga mtandio upya. Ukuta ule mumewe Hasib aliujenga kwa mikono yake mwaka waliorudi kutoka ukimbizini, na tangu hapo hakuna upepo uliowahi kuupita. Sasa palikuwa na tundu la kuingia ngumi, chini karibu na sakafu, na baridi ya mwezi wa kumi ilikuwa imeshaanza kumpapasa miguu.

"Unaliziba lini?" alimuuliza fundi.

Fundi Mugdim, mtu mnene aliyejaa vumbi hadi kwenye kope, alicheka. "Silizibi, mama. Hiyo ndiyo pua ya jiko."

"Jiko lina pua?"

"Lina pua na lina mdomo. Linavuta hewa humu chumbani, moshi linautoa kule juu kwenye dohani. Haya madirisha yenu mapya ya plastiki hayapitishi hata pumzi ya nzi, kwa hiyo hewa lazima iingilie hapa. Ukiziba, jiko litapaliwa, na moshi utarudi humu humu. Na sumu yake haina harufu, mama. Hukohoi, hulii machozi. Unasinzia tu, basi." Alimtazama mpaka akahakikisha amesikia. "Hata kitambaa usiweke. Tumeelewana?"

Walielewana. Asije mtu akasema baadaye kwamba Nezira hakuambiwa. Aliambiwa kwa maneno mepesi kabisa, na mtu aliyekuwa amepiga magoti mbele yake.

Lakini kuna hofu ya kuambiwa na kuna hofu uliyozaliwa nayo. Huku kwetu kwenye milima ya Bosnia mtoto hujifunza kuogopa promaya kabla hajajifunza kuogopa mbwa. Ni ule upepo wa kupita, unaoingia mlango huu na kutokea dirisha lile, na ukikukuta katikati umetoka jasho, umekwisha. Unakula figo, unakula meno, unakula masikio. Sisi ni watu tuliopita vita na njaa, lakini panda basi letu mwezi wa saba, joto la kuivisha yai, kisha ujaribu kufungua madirisha mawili. Vikongwe wasioweza kusimama watasimama.

Na Nezira alikuwa na ushahidi wake, anakula nao meza moja. Hasib alikuwa dereva wa lori la magogo. Siku moja ya kiangazi aliteremka mlima madirisha yote mawili yakiwa wazi, shati limemgandia mgongoni, na alipofika nyumbani akanywa kahawa ikamtiririkia kidevuni. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala. Daktari wa mjini alisema ni mshipa. Nezira alimsikiliza kwa adabu, akijua fika kwamba ni promaya. Mdomo haukunyooka tena, na baadaye kifua nacho kikaharibika kwa vumbi la kiwanda cha mbao, hata Hasib akawa hawezi kupasua kuni za siku moja. Hiyo ndiyo iliyoleta habari ya jiko la peleti, ambalo halitaki shoka. Unamimina mfuko wa vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa, unabonyeza kitufe, unakaa.

Mwana wao Elvedin, anayefanya kazi Austria, ndiye aliyewapeleka dukani kuchagua. Muuzaji aliwaonyesha jiko jeusi, jembamba, linalovuta hewa yake kutoka nje kwa bomba lake lenyewe, na chumba hakiguswi. Nezira alilizunguka akitafuta mahali pa kuweka kitu juu, hakupaona. Pembeni palikuwa na jingine, jekundu, lenye bamba la chuma.

"Hapa nikiweka birika la kahawa, litachemka?"

"Litachemka, mama. Ila hili litataka mtobolewe tundu."

Nezira alisikia litachemka. Yaliyofuata yalimpita.

"Mama, chukua lile jeusi," alisema Elvedin. "Ndiyo mambo ya sasa."

"Mwache mama yako," alisema Hasib kwa ule mdomo wake wa upande. "Jiko lisilochemsha kahawa ni televisheni."

Walicheka wote, na jekundu likapakiwa. Kabla ya kurudi Austria, Elvedin alimfundisha mama yake vitufe. Likigoma na kuandika maandishi mekundu, bonyeza hiki, usikiachie, litawaka upya. Likigoma tena, mwite Mugdim.

Siku za mwanzo nyumba ilikuwa na furaha. Moto ulisimama wima nyuma ya kioo, mweupe, na peleti zilidondoka kidogo kidogo kwa mlio wa kuku anayedonoa. Kisha theluji ikaanguka, upepo ukageuka, na tundu likaanza kazi. Lilipuliza chini chini mpaka kwenye kigoda cha Hasib, naye alipenda kukaa pale pale, ule upande wa uso uliolala ukilielekea.

Devleta, jirani yao wa miaka yote, alikuja kunywa kahawa, akainama, akaliona.

"Shoga, mnaishi na mlango wazi?"

"Fundi kakataza kuliziba."

"Fundi analala wapi?"

"Kwake."

"Na kwake kuna tundu?" Devleta alinyanyua kikombe chake. "Mume wako mdomo umeshakwenda upande mmoja. Unangoja uende na wa pili?"

"Nipo hapa, jamani," alisema Hasib. "Masikio bado hayajapooza."

Devleta alipoaga, Nezira alichukua soksi nene ya sufu, akaikunja, akapiga magoti nyuma ya jiko. Alisikia sauti ya fundi, unasinzia tu, basi, na akaona aibu kuogopa kitu asichoweza kukiona wala kukinusa, wakati kile anachokijua kilikuwa kinampuliza usoni. Akaisukuma soksi ndani, akaacha mwanya wa kidole kwa ajili ya fundi. Kesho yake mwanya nao ulimkosesha raha, akauziba.

Ndipo kichwa cha Hasib kilipoanza kuuma.

"Hapa na hapa," alisema, akishika mapanja. "Na tumbo linanichafuka."

Nezira aliona kila kitu wazi, na ndiyo bahati mbaya yake. Upepo ulikuwa umeshamwingia kabla ya soksi. Alimfunga kichwa kwa kitambaa cha sufu, akaongeza kipande cha mto juu ya soksi, akazungushia selotepu. Kichwa kikazidi. Ijumaa Hasib alikwenda msikitini kwa miguu, akarudi mchangamfu, anatania watoto njiani. Alipokaa kwenye kigoda chake kwa muda, maumivu yakarudi. Nezira akapiga hesabu: msikitini hakuna tundu, nyumbani lipo. Basi bado linavuja. Akaongeza selotepu.

Ningependa kumcheka, lakini nani kati yetu angepiga hesabu nyingine?

Jiko lenyewe lilikuwa limeanza kubadilika. Moto uliokuwa wima ukawa mlegevu, wa rangi ya kutu, unaramba kioo badala ya kupanda. Kila asubuhi Nezira alikifuta kioo kwa gazeti lenye maji, na kabla ya adhuhuri kilikuwa cheusi tena. Madirisha yalitoka jasho. Mara mbili tatu jiko liliandika maandishi yake mekundu na kunyamaza, naye akabonyeza kitufe kama alivyofundishwa, bila kukiachia, mpaka likatii. Mugdim hakumwita. Angemwita aje aone selotepu?

Hofu ilihamia mwilini mwake, akawa anatembea nayo. Alipomwona Hasib amesinzia alimgusa bega, akijidai anamtengenezea kitambaa, hadi asikie ananung'unika. Hakujua tena anaogopa kipi, upepo au ukimya. Siku moja alishindwa kuvumilia, akapiga magoti, akabandua pembe ya selotepu. Baridi ikamkata kifundo cha mkono, nyembamba, yenye mluzi. Nyuma yake Hasib akakohoa.

Aliibandika ile pembe upesi, akaikandamiza kwa kiganja hata mkono ukauma.

Jumapili theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Hasib hakuwa amekula vizuri kwa siku kadhaa, kwa hiyo Nezira alikanda unga wa ushtipci, maandazi yetu madogo ya kuliwa na kajmak, siagi ya maziwa anayoipenda kuliko dawa. Mafuta yalipopata moto alikumbuka kifua chake, akawasha feni ya kunyonya moshi iliyo juu ya jiko la kupikia, akaiweka nguvu ya mwisho. Feni ikanguruma, ikivuta hewa ya nyumba na kuipeleka nje, na pa kuingilia hewa nyingine hapakuwepo ila dohani, pamoja na moshi wake.

"Mzee, toa kajmak kwenye friji."

"Mm."

"Mzee?"

"Lori liko juu," alisema Hasib kwa sauti ya mbali. "Acha waje wenyewe."

Kijiko kilimtoka Nezira mkononi. Alikitazama kilipoanguka, na ikamchukua muda kuelewa kwamba ni chake. Miguu ilikuwa chini yake lakini haikuwa ya kwake. Akageuka akijishikiza kwenye meza.

Hasib alikuwa ameegemea ukuta, mashavu mekundu, mazuri, ya bwana harusi. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya lori, mdomo wake ulikuwa umenyooka. Nezira alifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaona umenyooka kwa sababu upande wa pili nao ulikuwa umelala.

Hapo hakukumbuka maneno ya fundi, wala hakuhitaji kuyakumbuka. Aliinama kuifuata selotepu, chumba kikazunguka, akajua akipiga magoti hatainuka. Akaenda mlangoni kwa kushika viti na ukuta, akavuta, na theluji ikamwagika ndani. Haitoshi. Aliijua promaya maisha yake yote, aliijua kuliko daktari yeyote, na alijua kwamba upepo haupiti pasipo pa kutokea. Akarudi ndani, akavuka chumba chote, akalifungua dirisha la upande wa pili hadi mwisho.

Ukaja. Ulipita chumbani wote kwa mpigo mmoja, ukainua kitambaa cha meza, ukamvaa Hasib usoni, kifuani, kwenye shingo iliyolowa jasho. Nezira alilia kwa sauti akiutazama unavyompiga. Akamshika makwapani, akamburuta mpaka kizingitini, akaanza kumwita Devleta.

Devleta alikuja na viatu vya ndani. Kitu cha kwanza alichokiona ni dirisha, akaliendea.

"Funga, mwanamke, mtu ana jasho."

"Ukiligusa nitakukata mkono," alisema Nezira, akiwa amekaa kwenye theluji, kichwa cha mumewe mapajani. "Zima jiko. Zima feni. Piga simu."

Hospitalini walimvalisha Hasib barakoa ya oksijeni, na Nezira wakampa yake kwenye kitanda cha pili. Alikataa kulala chali kwa sababu akilala hivyo hamwoni. Daktari kijana alikuja na swali lililokuwa lazima lije.

"Nani aliziba tundu?"

"Mimi."

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa." Alivuta barakoa pembeni ili asikike vizuri. "Nilimhofia upepo."

Daktari hakucheka. Naye ana mama. Alisema wangechelewa kidogo tu mzee asingeamka, na kwamba kumbukumbu huenda ikamsumbua, kisha akatoka na kuufunga mlango taratibu.

Hasib aliamka. Mdomo ukarudi upande wake wa zamani, na Nezira alipouona umepinda alimbusu hapo hapo mbele ya wauguzi. Elvedin alikuja kutoka Austria na kengele ya kunusa sumu, akaibandika ukutani, akasema theluji ikiyeyuka jekundu litatoka na lile jeusi litaingia. Hakumgombeza mama yake. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

Msidhani Nezira aliacha kuamini promaya. Anaiamini leo kama alivyoiamini jana. Mugdim alisafisha dohani, akaondoa selotepu yote, na tundu likaanza kupuliza upya. Nezira alikisogeza kigoda cha mumewe upande wa pili wa jiko. Chake akakiweka kati ya Hasib na tundu, akakaa, mgongo ukilielekea tundu.

"Toka hapo," alisema Hasib. "Utapooza."

"Nikipooza utanilisha."

"Nezira, upepo unakupiga."

"Najua."

Aliusikia ukimpanda uti wa mgongo, ukitafuta njia ya kupita, na kila nywele ya mwili wake ilimwambia ainuke. Alitanua mabega ili ajipanue, akabaki pale pale, akimsikiliza mumewe anavyopumua.