Pumzi Katika Nyumba ya Eda

Mwanga uliingia kwa upenyo wa dirisha, mwembamba kama utepe, na ndani yake vumbi la karafuu likapanda, likashuka, likapanda tena. Bi Thuraiya alikuwa akiutazama tangu asubuhi. Mwanamke aliyekaa eda ana nini kingine cha kutazama? Nguo zake nyeupe, ukuta mweupe, na kile kitanda cha kamba alichofia mumewe, ambacho hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Mzee Sleiman alikufa kwa kukosa pumzi. Siku zake za mwisho mkewe alikaa ubavuni pake akizisikiliza pumzi zikipungua, moja inakuja, nyingine inachelewa, mpaka akawa anazivuta yeye, kama kwamba zingemfikia mgonjwa. Ile ya mwisho ilitoka, isirudi. Tangu hapo nyumba hii ya kijijini Ole ilikaa kimya, na kimya chenyewe kilimlemea kifuani.

Pumzi ni za kumtajia Mungu. Ndivyo alivyokuwa akisema marehemu kila alipotajiwa mwanawe Marhoun na saksafoni yake. Huko Unguja wakubwa kwa wadogo walinyamaza kumsikiliza Marhoun akisimama peke yake mbele ya bendi, akipiga muziki mzito wa kusomwa kwenye karatasi, muziki usiochezesha mtu. Baba hakutaka kujua. Basi kila alipokuja nyumbani, kijana aliiacha saksafoni kwa rafiki yake Shaame, mjini Chake, akapiga hodi mikono mitupu.

Safari hii alikuja nayo. Aliliweka sanduku jeusi mlangoni, akakaa chini, miguuni pa mama yake.

"Mama, bendi inakuja Tibirinzi, pale Chake, Jumamosi. Wanataka nisimame mbele. Baba hata arubaini yake haijafika, na watu watasema. Usiporidhia sipigi. Wala sitapiga tena, hapa wala Unguja."

Bi Thuraiya alikitazama kile kitanda. Akimnyima radhi, atakuwa amemvunja mtoto. Akimpa, atakuwa amemgeuka marehemu na udongo wa kaburi haujakauka. Na aridhie nini hasa? Hajaisikia hata mara moja, na eda haimruhusu kutoka kwenda kuisikia.

"N'pigie," alisema.

"Humu, mama? Nyumba hino ina msiba."

"Sauti usitoe. Pumzi tu."

Marhoun akaitoa saksafoni, akaivaa shingoni, akaitia mdomoni. Wimbo haukutoka. Ulitoka upepo, na vile vifuniko vidogo vya shaba vikagonga chini ya vidole vyake, taratibu, kisha mbio, kama mvua inavyoanza juu ya makuti. Alivuta pumzi kutoka tumboni, akaitumia kidogo kidogo, kama mtu aliyebeba maji kwenye kata ya kifuu kutoka mbali na hataki tone limwagike.

Mama alifumba macho. Pumzi ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Kila ilipokatika aliukamata ukingo wa kitanda, akaingoja, kama alivyozingoja zile nyingine. Na kila ilipokatika, ilirudi. Ilirudi. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Karibu na mwisho, katika ile pumzi ndefu kuliko zote, sauti ikaponyoka. Ilikuwa moja tu, nyembamba, tamu, yenye huzuni, ikajaa chumba kizima. Huko uani Mwatum, dada wa marehemu, aliacha kutwanga. Marhoun akaondoa mdomo upesi, uso umemwiva.

"Nisamehe mama. Imen'toroka."

Pumzi ni za kumtajia Mungu. Bi Thuraiya aliyakumbuka maneno hayo, na akamwonea huruma mpya mumewe, aliyekwenda zake bila kujua kuwa ndani ya mwanawe mna pumzi namna hii. Huko uani mchi ukaanza tena, polepole.

"Babaako hakukusikia," alisema. "Mie n'shakusikia. Jumamosi nenda, radhi yangu unayo. Sasa malizia, usiiache njiani."

Marhoun akainua saksafoni. Ule utepe wa mwanga ukaigonga shaba, ukavunjika, ukatawanyika ukutani, juu ya nguo nyeupe za mama na juu ya kitanda kitupu. Na kwa kila pumzi ya kijana, mwanga wote ule ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.