Sura ya Tatu ya Léocadie

Léocadie alikuwa binti wa wakulima wa kijiji cha Wamaza. Kazi yake ya kumaliza masomo ya fizikia huko Kasongo ilihusu mawimbi ya sumakuumeme ndani ya plazima, yaani gesi iliyopashwa moto mpaka elektroni zikaachana na atomi zake, kisha ikashikiliwa na sumaku ili isiguse ukuta wa chombo. Wenzake walimcheka. Chombo kama hicho mkoa mzima wa Maniema hakuna.

Siku ya utetezi wa kazi hiyo mbele ya idara umeme ulikatika, akachora kwa chaki. Alieleza kwamba wimbi la aina fulani likirushwa kutoka upande ambako sumaku ni dhaifu, hurudishwa kabla ya kufika katikati; likirushwa kutoka upande wenye sumaku kali, hupenya. Hesabu zote zilikuwa katika sura ya tatu.

Profesa Magloire, mkuu wa idara, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia taratibu, "Hii sura, hapa hakuna mutu wa kuihakikisha. Iondoe, unapata diplome yako leo."

Mzee Roger, baba yake, aliyekuwa amekuja kwa pikipiki kushuhudia, alimtazama kwa macho ya kumsihi.

"Kama hapa hakuna, atafutwe kwingine," Léocadie akajibu. "Mimi siiondoi."

Wakamnyima diplome. Baba akamrudisha Wamaza kwa pikipiki. Msimu ule Léocadie alilima karanga, na majirani wakasema kisomo kimemharibu. Siku za soko alikwenda mji wa Salamabila, penye mtandao, akawaandikia walimu wa vyuo vya mbali, mpaka mmoja wao, Mama Olga wa Bukavu, akakubali kuja kuihakikisha sura.

Katika kikao kipya cha utetezi, kilichoitishwa na idara, Olga aliuliza: plazima ikizidi kuwa nzito, wimbi bado litapenya? Léocadie akasema litapenya daima. Olga akakataa; hata upande wenye sumaku kali una kikomo.

Aibu ilimshika Léocadie, lakini hakuketi. Alifuta ubao, akaanza hesabu upya mbele ya wote, mpaka kikomo chenyewe kikatokea.

"Sasa iko sawa," Olga akasema.

Magloire akauliza kama angalau angeifupisha sura hiyo. Léocadie akasema hapana, itarefuka, kwa sababu kikomo hicho lazima kiingie. Magloire akatia sahihi ya kumpa diplome bila kutabasamu.

Nje, Mzee Roger alimuuliza kama mambo ya wimbi lile ni ya kweli. Akamwambia ni ya kweli.

"Basi ulifanya vizuri kukataa," baba akasema, akawasha pikipiki.