Unga Usioshikana

Fundi pampu hakuwa mtu wa kusifu. Umpikie, umshonee, umfufulie gari lililokufa, sifa yake kubwa ni ileile: "Si mbaya." Mkewe, mkunga wa hospitali, alishamzoea. Lakini sasa pampu ya hospitali ilikuwa imekwama. Mchanga uliitafuna pete inayozuia maji kuvuja, na wakunga walikuwa wakipandisha maji kwa ndoo hadi wodi ya wazazi. Kila pete ya chuma aliyoweka fundi ililika upesi. Ndipo mkewe alipomwambia, "Nenda kwa mdogo wangu wa kike. Na kiburi ukiache mlangoni."

Mdogo mtu alikuwa mfinyanzi wa aina yake. Hakugusa udongo. Alifinyanga unga wa silikoni kabidi, mweusi, mgumu kiasi cha kukwaruza kioo.

"Shida ya unga huu ni jeuri," alimweleza fundi. "Kila chembe inajiona imejitosheleza. Uuchome mpaka joto ambalo chuma kinakuwa uji, wenyewe haushikani. Lazima uuunge."

"Kama mboga, shemeji?"

"Kama mboga. Bila kiungo, hilo ni vumbi lililopashwa moto."

Kiungo chenyewe kilikuwa poda mbili nyeupe, alumina na itria. Katika moto mkali huyeyuka pamoja, hupenya kati ya chembe na kuzivuta zikaribiane. Shemeji alipima kiasi, akamkabidhi fundi achanganye, akaenda kuandaa tanuri. Kwenye kisahani kilibaki kiungo kidogo. Fundi alikitazama. Huyu ana mkono wa birika kama dada yake, akawaza. Kama kidogo kinaunga, kingi si kitaunga zaidi? Akamimina chote.

Pete ilitoka tanurini iking'aa, nzuri ya kuposea. Ilipobanwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, haikuchelewa: ta! Vipande viwili.

Shemeji hakufoka wala hakusonya. Aliweka kipande chini ya hadubini, akatazama kwa muda, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Shemeji, umetia chumvi."

"Nani kakwambia?"

"Pete yenyewe. Njoo uone. Kiungo kimezidi, kimeganda katikati ya chembe kama kioo, na ufa umepita humohumo, moja kwa moja, kama gari kwenye lami."

Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Unga uliosalia ulitosha pete moja na kipande kidogo cha kuvunjwa kwenye mashine. Ukiharibika huo, wakunga wangeendelea na ndoo zao, na mkewe alishaanza kulala na mgongo uliofungwa kitambaa. Safari hii aliambiwa akae kwenye kiti, mikono mapajani, na akatii.

Kipande kilipotoka tanurini na kubanwa, mshale wa mashine ulipanda, ukapita pale pete ya kwanza ilipokatikia, ukaendelea kupanda. Kilipovunjika hatimaye, shemeji alimsogezea hadubini. Chembe zilikuwa zimerefuka, zimepishana kama vidole vya mikono iliyofumbatana. Ufa ulikuwa umekuja kwa kishindo, ukakuta njia imezibwa, ukapinda huku, ukapinda kule. Fundi alitazama mpaka jicho likamtoka machozi. Maisha yake yote alikuwa akifungua vitu vilivyovunjika, na hakujua kwamba kuna mtu anayeweza kuufundisha ufa adabu. Vyaelea vimeundwa, kweli. Alimstahi mno yule mwanamke.

Pete ikasuguliwa, ikafungwa kwenye pampu, swichi ikawashwa. Wakasubiri kando ya pampu. Simu ya fundi ikalia.

"Yamefika!" mkewe alipaza sauti. "Yana nguvu mpaka bomba linaruka. Msikie huyu anayeoshwa!" Na kweli, nyuma ya sauti yake kichanga kilikuwa kikilia kwa hasira zote za dunia.

Fundi alimgeukia shemeji. "Si m—" akaanza, akajikatiza.

"Unajua, shemeji," alisema. "Unajua kabisa."

"Ahsante. Ila kisahani changu hukigusi tena."