Msumari Katika Sauti ya Arvella

Verlene alifika miaka arobaini bila kuisikia sauti ya mama yake, Arvella. Arvella, ambaye kwangu ni mama mdogo, aliimba wimbo wa bluzi kwenye santuri moja tu, mwaka 1929, akafariki Verlene akiwa bado ananyonya. Santuri yenyewe ilivunjika. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa na miaka kumi, hapa hapa Mississippi, na nawaambieni, akianza kuimba, wachuma pamba walisahau magunia yao. Lakini utamsimuliaje mtu sauti?

Kiwanda kilichomrekodi, huko kaskazini, kilifungwa zamani. Wafanyakazi walibeba kalibu, yale mabamba ya chuma yaliyotumika kugongea santuri, wakayapigilia misumari kuzibia mabanda yao ya kuku. Verlene akawaandikia barua wafugaji wa huko kwa miaka sita! Mimi ningechoka na barua ya tatu. Hatimaye mzee mmoja, Halvor, akajibu: njooni.

Tukaingia bandani kwake kutafuta 2714, namba ya santuri ile, ambayo baba yake Verlene aliiandika ndani ya Biblia. Tukakagua mabamba thelathini na mawili. Hakuna. Verlene akakaa chini pale pale kwenye mavi ya kuku.

"Inuka wewe, gauni la kanisani hilo!"

"Niache, dada Ozella."

Halvor akaangua kicheko. "Kwani mnasomaje, akina mama? Hizo ni kama muhuri, maandishi yote yamegeuka. Tumieni kioo."

Nikatoa kioo changu cha poda. Bamba la tano, lile nililolipita mwenyewe kwa madaha: 2714! Lo, niliona aibu. Msumari ulikuwa umelitoboa kwenye ile mistari myembamba inayobeba sauti.

Fundi wa Chicago akatugongea santuri mpya kutoka kwenye bamba lile. Tukaiweka sebuleni kwa Verlene baada ya ibada. Jamani, ni yeye! Sauti ile ile nzito, isiyomwomba mtu ruhusa. Na kila mzunguko, sindano ikipita penye alama ya msumari: ta... ta... ta.

"Sikia, anapiga mguu," Verlene akasema huku machozi yakimtiririka. "Mama alikuwa akipiga mguu. Si ndiyo, dada?"

Mama mdogo aliimba amesimama tuli kama nguzo, hata kidole hakikutikisika. Na kati ya waliomwona akiimba nimebaki mimi peke yangu.

"Ndiyo," nikamjibu. "Mguu wa kulia."